Kasha la Pancha Lililofungiwa Stoo

Rhobi na Mwita, kuanzia wiki ijayo baiskeli ya kijiji itakuwa mikononi mwenu, na mimi narudi shule. Ningeweza kukaa nanyi nikawaeleza kwa mdomo, lakini mnanijua. Mbele ya mtu mmoja nasahau nusu ya maneno, mbele ya wawili nasahau yote na kuanza kutazama vidole vya miguu yangu. Kwenye karatasi siogopi. Kwa hiyo someni, na msimsomee kila mtu.

Nasema nimestaafu. Baba akisikia hivyo anacheka, anasema hajawahi kuona mstaafu anayeogopa mtihani wa hesabu. Lakini kazi niliifanya, imekwisha, na magoti yananiuma kama ya mzee, sasa niiteje? Habari za malipo sitawaeleza kwa kuwa hayakuwepo. Habari za cheo ni kwamba Mwenyekiti aliniita "dereva wetu" mkutanoni, watu wakapiga makofi, na mimi nikajificha nyuma ya mama.

Nilianza hivi. Nilikuwa kidato cha pili shule ilipofungwa kwa kukosa chakula, tukaambiwa twende nyumbani tusubiri. Nilipofika nilimkuta mama amejifungua mdogo wetu wa mwisho, Chacha, na hana nguvu hata ya kuinua sufuria. Shule ilipofunguliwa baba akasema mwaka huo nibaki. Yeye ndiye aliyekuwa mbeba chanjo wa kijiji. Alizoea baiskeli tangu ujana wake, alipokuwa mwinjilisti akipeleka barua za misheni kule Nyanungu na kwingine, lakini goti lake moja lilikuwa limekataa kukunjika. Akaenda kwa Mwenyekiti, Mzee Magige, akamwambia, "Bhoke anaweza."

"Bhoke yupi?" Mwenyekiti akauliza. "Huyu asiyesalimia?"

Nilikuwa nasalimia. Sauti tu ndiyo haifiki mbali.

Kazi yenyewe mnaijua kwa nje. Kila mwezi unakwenda Tarime mjini na chupa ya baridi, ile nene yenye mdomo mpana. Unalala kwa shangazi. Asubuhi unapita kituo cha afya, wanakujazia chanjo na barafu kutoka kwenye friji la mafuta ya taa, halafu unarudi mbio. Unateremka kutoka kwenye baridi ya kule juu mpaka kwenye joto letu la huku bondeni, unapita Genkuru, unafika zahanati. Nesi wetu, dada Veronika, aliniambia siku ya kwanza, "Bhoke, wewe hubebi dawa. Unabeba baridi. Baridi ikiisha, hiyo dawa ni maji, na mimi nitayamwaga mbele yako." Barafu ya friji lile ni ndogo. Inavumilia mpaka jua lipite utosini kidogo. Hapo uwe umeshafika zahanati.

Siku ya kwanza niliogopa vijana wa mashine ya kusaga kuliko nilivyoogopa safari. Walikuwa wamekaa kwenye magunia, na mmoja akawaita wenzake kwa kelele, "Mura, njooni muone! Binti wa mwinjilisti amepanda chuma!" Mwingine akaniuliza, "Dada, breki unazijua, au umesimuliwa tu?" Nikajibu kitu, lakini nilikuwa nimeshapita na nilijibu kwa ndani. Nikaendesha huku masikio yananiwaka mpaka mlima wa kwanza. Mlima unasaidia. Ukiwa unapanda hukumbuki tena nani alikucheka.

Pancha ya kwanza niliipata siku ileile wakati wa kurudi, nikaiziba vizuri kabisa kama baba alivyonifundisha, nikapanda, nikaenda hatua chache, tairi ikalala tena. Nikaiziba. Ikalala. Nililia pale barabarani, nawaambia ukweli, na bahati nzuri hapakuwa na mtu. Halafu ndipo nikakumbuka kutazama ndani ya tairi. Mwiba ulikuwa bado umekaa humo, umechungulia kidogo tu, unasubiri tyubu irudi. Baba aliponisikiliza hakunigombeza. Alisema, "Watu wote wanaziba tundu. Wachache wanamtafuta aliyetoboa." Kwa hiyo nyinyi, kabla ya kurudisha tyubu, pitisheni kitambaa ndani ya tairi pande zote. Msipitishe kidole. Kidole kinaumia, na kina damu ambayo hamjaombwa kuitoa. Kitambaa kikinasa, hapo ndipo penyewe.

Na miiba mtaikuta. Zamani, baba anasema, njia ilikuwa safi, kwa kuwa kila mji ulikuwa peke yake na zizi lake la zamani. Tangu tulipohamishiwa kijijini kila mtu anajenga zizi jipya, na matawi ya mgunga anayakokota kwa ng'ombe kupitia barabarani. Tawi linapita, miiba inabaki. Mkiona mikwaruzo ya matawi kwenye vumbi, shukeni, mbebe baiskeli begani. Watu watawacheka kwamba baiskeli imewapanda nyinyi. Waacheni.

Vifaa vyangu vimo kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya keria. Vijiko viwili vya chuma ndivyo vya kutolea tairi. Msitumie bisibisi, bisibisi inatoboa tyubu halafu mnalaumu barabara. Kuna utepe wa tyubu kuukuu, kuna kipande cha tairi cha kuweka ndani pakichanika, kuna vipira vya valvu, ambavyo vinakufa bila kuaga. Pampu ni ya baba, ngozi yake tunaipaka samli. Ikikataa kusukuma, ifungueni, ilowesheni hiyo ngozi kwa mate, itarudi.

Njiani hakuna karai la maji la kutafutia tundu. Baba alinifundisha kulowesha mdomo wa juu kwa ulimi, kisha kuipitisha tyubu hapo polepole. Pumzi ya pancha ni baridi. Hata tundu dogo linalokataa kusikika kwa sikio, mdomo unalijua. Alikuwa akifanya hivyo amefumba macho, na mama alikuwa akimuuliza kama anaibusu.

Tatizo letu kubwa lilikuwa gundi. Tangu mpaka wa Sirari ufungwe, gundi ya pancha haikuonekana. Duka la ushirika lilikuwa na chumvi siku nyingine, na siku nyingine lilikuwa na muuzaji tu. Niliwahi kukutana na jamaa mmoja aliyepita njia za panya kutoka ng'ambo. Alisema, "Siste, hii solusheni ni ya ukweli, hata lori inashikisha." Nikampa kuku wa mama. Ilikuwa utomvu wa mti. Ilishika vidole vyangu vizuri sana, tyubu haikushika hata kidogo. Mama mpaka leo humwita yule kuku kwa jina.

Bila gundi unafunga. Unakunja sehemu yenye tundu kama unavyofunga mdomo wa gunia, unaizungushia utepe wa mpira na kukaza mpaka vidole vife ganzi. Tyubu inakuwa na kinundu, na baiskeli inarukaruka kama inacheka, lakini inakwenda. Hiyo inafaa kwa tundu la mwiba. Kwa mpasuko haifai. Mpasuko unataka kiraka na gundi, na mtu asiwadanganye kwamba kuna njia nyingine.

Sasa naingia kwenye habari ya kasha, na hapa naomba msicheke.

Kijiji kilikuwa na kasha la pancha. Lilikuja pamoja na baiskeli. Ni kasha la bati, la kijani, lenye gundi mpya, viraka, msasa na spana. Siku hiyo Mwenyekiti alilinyanyua juu mkutanoni kila mtu alione, watu wakapiga makofi, kisha likaingia stoo na kufuli likafungwa. Utaratibu ulisema mali ya kijiji haitoki nje ya mpaka wa kijiji bila kikao. Baiskeli kikao kilikuwa kimeiruhusu. Kasha hakuna aliyekumbuka kulitaja. Basi baiskeli ikawa inatoka na kasha linabaki. Ndani ya kijiji nani anaziba pancha? Unaikokota tu mpaka nyumbani. Kwa hiyo kasha halikufunguliwa, na kila aliyeuliza aliambiwa lipo, lipo salama kabisa.

Msimchukie Mzee Magige. Kabla yangu msumeno wa kijiji uliazimwa ukapotea, na watu walimwimbia nyimbo pombeni kwamba ameula. Tangu hapo ufunguo wa stoo aliuvaa shingoni na kulala nao. Alikuwa mtu wa kutunza. Nimekaa na jambo hili muda mrefu na sijapata neno jingine la kumwita.

Kisha surua ikaja. Ilianzia upande wa Nyangoto, tukaisikia kama habari. Mwezi uliofuata ikawa Genkuru. Nilipita pale nikaona watoto hawakimbilii baiskeli kama siku zote, na mlango mmoja umefungwa mchana huku watu wamekaa nje bila kuongea. Nilikanyaga pedali kwa nguvu kama vile surua inafukuza mtu kwa miguu.

Chacha alikuwa anakaribia umri wa chanjo. Mwezi ule nesi alimshika mkono, akamgeuzageuza, akamwambia mama, "Bado kidogo. Mwezi ujao Bhoke akirudi, huyu awe wa kwanza." Mama akacheka, akamwambia Chacha, "Umesikia? Dada yako ndiye anayekuletea sindano. Umchukie yeye." Chacha alikuwa ameanza kusimama kwa kushika fremu ya baiskeli. Alikuwa akiipiga kengele kwa kiganja na kuangalia kila mtu usoni, kama aliyetangaza jambo.

Kabla ya safari hiyo nilikwenda kwa Mwenyekiti. Nilipanga maneno njia nzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ongea, Bhoke, mimi sisikii kwa macho."

"Naomba kasha la pancha. Kesho nakwenda Tarime."

"Kikao kimekaa?"

"Hapana, mzee. Lakini surua iko Genkuru."

"Najua iko wapi. Mjukuu wangu naye anasubiri hiyo sindano. Lakini likipotea njiani nitawaambia nini wananchi? Watasema Magige kauza. Leo liko Tarime, kesho litaonekana Kenya."

"Na nikipata pancha, mzee?"

Hakunidharau. Alifikiri kweli, amekunja uso. "Ukipata pancha," akasema, "rudi ulichukue. Nitakuwa hapahapa. Sitatoka siku nzima."

Na kweli hakutoka. Siku niliyokuwa narudi, baba aliniambia baadaye, alikaa mlangoni pa stoo tangu asubuhi, ufunguo shingoni, hata chakula aliletewa pale.

Nilitoka Tarime mapema, chupa imejaa, barafu inagonga ndani kila nikiruka shimo. Sauti hiyo niliipenda. Ilikuwa kama mtu anayeniambia bado, bado. Nilishuka mteremko vizuri. Kule chini, kabla ya Genkuru, nikaona mikwaruzo ya matawi kwenye vumbi na nikashuka, lakini gurudumu la nyuma lilikuwa limeshaingia. Nikasikia ile pumzi.

Niliitoa tyubu kwa vijiko, nikatafuta kwa mdomo, nikapitisha kitambaa, nikautoa mwiba, nikafunga kinundu. Nikapanda nikiwa nimejisifu kidogo moyoni. Sikufika mbali. Ile tyubu ilikuwa kuukuu, ilikuwa na vinundu vya safari zilizopita, na mahali nilipoikaza ikavutika pembeni. Ikapasuka kwa mlio, mpasuko mrefu kama kiganja changu. Nilipouona niliketi chini. Mpasuko ule ulikuwa unataka kiraka kimoja na gundi kidogo tu, ya kupaka na kungoja ikauke. Sikuwa na kitu cha kufanana na hivyo. Gari halikupita. Wakati huo dizeli nayo ilikuwa ya kusimuliwa.

Walitokea vijana wawili wanachunga ng'ombe. Mmoja akasema, "Dada, punda wako wa chuma amechoka?"

Mwenzake akaiokota chupa, akaitikisa. "Pombe?"

"Chanjo," nikasema. "Ya surua."

Hawakusema utani tena. Yule wa kwanza akasema, "Kwetu ipo." Kisha akatoa sime akaanza kukata majani.

Tulijaza tairi majani. Mkijaza, kateni majani mabichi yenye nyuzi ndefu, myasokote kama kamba, na mshindilie mpaka tairi iwe ngumu pande zote, la sivyo itakuwa inapepesuka. Kazi hiyo inakula muda. Nilikuwa natazama kivuli cha baiskeli kinavyojivuta chini yake. Yule kijana wa pili aliipeleka chupa kwenye kichaka, akanivua kanga begani bila kuniomba, akaizungushia. Maji hawakuwa nayo. Akafungua kibuyu chake akamimina maziwa juu ya kanga yote, mpaka tone la mwisho. Nilitaka kusema asante ikagoma. Nadhani alidhani najivuna.

Majani yalinipeleka kiasi. Halafu yakageuka unga, rimu ikaanza kupiga mawe, nikashuka nikakokota. Mtaniuliza kwa nini sikuiacha nikakimbia na chupa. Nami najiuliza. Lakini baiskeli ya kijiji huiachi njiani. Tulilijua hilo kabla hatujajua kuendesha, tuliliimba darasani. Niliikokota mpaka nikaona kivuli changu kimeanza kulala upande wa pili, ndipo nikaona mama mmoja anapalilia mihogo.

"Shikamoo, mama. Naomba unitunzie baiskeli ya kijiji."

"Kijiji kipi?" Akaitazama. "Ilaze hapo. Nani ataiba kitu kilichokufa?"

Nikaibeba chupa mgongoni kwa kanga kama mtoto na nikakimbia. Ilikuwa inanuka maziwa yaliyoganda na nzi walinifuata. Nilikuwa nasikiliza mgongoni. Mwanzo niliisikia barafu, ndogo sana. Baadaye nilisikia maji tu, yanachezacheza.

Mama zetu walikuwa kwenye mstari mbele ya zahanati, watoto migongoni, mama yangu mbele kabisa kama nesi alivyosema. Mwenyekiti alikuja kunipokea mbio, ufunguo unamruka kifuani. Alinitazama, akatazama nyuma yangu.

"Baiskeli iko wapi?"

Nadhani hata yeye alisikia alichouliza, maana alifunika mdomo kwa mkono.

Nesi akafungua chupa, akatumbukiza vidole. Alivitoa, akavifuta kwenye gauni lake jeupe, akatumbukiza tena, kama mtu anayeombea maji yabadilike. Kisha akasema, "Pole, Bhoke," akazitoa zile chupa ndogo, akaanza kuzivunja shingo moja moja na kuzimwaga kwenye mchanga.

"Nesi, acha!" mama mmoja akapiga kelele. "Si utuchome tu hata na hiyo ya moto?"

"Nikimchoma mwanao na hii nitakuwa nimekudanganya," nesi akasema. "Utakwenda nyumbani umetulia, na hakuna kitu."

"Basi nidanganye!"

Hakuna aliyecheka. Mama yangu alikuja akanifungua kanga mgongoni, akainusa, akauliza, "Umekula?"

Nesi aliandika barua kwenda Tarime siku hiyohiyo, lakini kule nako chanjo ilikuwa imekwisha, tukaambiwa tusubiri. Chacha hakusubiri. Macho yake yalianza kuwa mekundu, tukasema ni moshi. Halafu vipele vikatoka nyuma ya masikio. Mama alimlaza kwenye giza kama wanavyofanya wote, nesi akawa anakuja kumnywesha maji kwa vilevile vijiko vyangu vya tairi kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa karibu. Kifua kikaziba. Alikufa mchana watu wakiwa shambani, na kwa sababu hiyo kwa muda kidogo tulikuwa sisi wenyewe tu nyumbani, na kimya. Hakuwa yeye peke yake. Mjukuu wa Mwenyekiti alipona, ila jicho moja halioni. Wengine mnawajua, sina haja ya kuwataja. Rhobi, wewe mmoja wao ni wa kwenu.

Wiki hiyo baba alikwenda kuichukua baiskeli kule kwenye mihogo, akaikokota na goti lake bovu. Akaitoa tyubu. Nilimkuta ameketi uani, amefumba macho, anaipitisha kwenye mdomo wa juu polepole, anafika mwisho, anaanza tena. Ule mpasuko ulikuwa mrefu, mtu angeuona kutoka ng'ambo ya uwanja. Nikajua haitafuti pancha. Nikarudi ndani.

Kikao kikakaa. Mara hii hakuna aliyepinga. Kasha la pancha litoke, liwe linakwenda na baiskeli popote. Mwenyekiti alisimama mwenyewe, akavua ufunguo shingoni, akafungua stoo, akalileta kasha kwa mikono yake yote miwili. Lilikuwa linang'aa. Alikuwa amelifuta vumbi kila wiki.

"Ndugu zangu," akasema, "lipo zima. Halijaguswa."

Akanipa. Nikalifungua mbele ya watu, na nilitamani ardhi inimeze, maana kila mtu alikuwa ananitazama. Viraka vilikuwa vimeshikana vyote vikawa kipande kimoja. Nikachukua bomba la gundi, nikaliminya. Halikuminyika. Lilikuwa gumu kama jiwe la kunolea. Mwenyekiti akalichukua, akaliminya yeye, akaling'ata kwa meno, akalikata kwa kisu. Ndani ilikuwa kama nta ya kahawia, imekauka mpaka chini.

"Lakini sijalifungua hata mara moja," akasema.

"Ndiyo, mzee," nesi akamjibu taratibu. "Gundi inakauka hata ikikaa."

Alikaa chini mahali alipokuwa amesimama. Si kwenye kiti.

Watu wamenifariji tangu siku ile. Wananiambia, Bhoke, hata ungekuwa nalo lisingekusaidia, usijilaumu. Wanasema kwa wema. Lakini mimi nikilala nalipindua. Kama lingekuwa kwenye keria tangu mwanzo, ningeitumia gundi ikiwa laini, ingeisha, na tungejua imeisha, tukaanza kuitafuta nyingine. Au ningelikuta limekauka mapema nikasema. Lilipokuwa stoo sote tulidhani tunacho kitu. Nimelipindua kila upande, na kila upande linaishia palepale.

Nesi aliniombea tyubu mpya kituo cha afya, na chanjo ilipofika Tarime nilikwenda tena. Hiyo ndiyo safari yangu ya mwisho. Nilikuwa na kopo langu, vijiko vyangu, utepe, na gundi kidogo ya kweli ambayo shangazi aliipata kwa fundi mmoja anayemfahamu. Nilikuwa tayari kwa kila kitu. Rhobi, Mwita, sikupata pancha. Hata moja. Barabara ilikuwa imefagiwa na mvua, miiba yote imechukuliwa na maji. Genkuru nilipita bila kushuka. Wale vijana wa ng'ombe nilitamani niwaone niwaambie asante, hawakuwepo. Nilifika zahanati jua bado halijafika utosini, na mama zetu walikuwa bado wanajipanga, hawakunitegemea mapema hivyo. Kila mtoto aliyekuwepo alichomwa, akalia vizuri, akaenda nyumbani.

Mama alikuwa shambani. Hakuwa na sababu ya kuja.

Kwa hiyo kopo nawaachia. Gundi ya shangazi imo, itumieni, msiitunze. Ikianza kuwa nzito iongezeni petroli tone moja, na ikiisha semeni imeisha, hata kama mbele ya watu. Vijiko nimevichukua, tafuteni vingine. Mkiwa mnateremka na kuisikia barafu inagonga ndani ya chupa, mjue mmewahi, mkanyage. Mimi siku ile ya mwisho iligonga njia nzima, mpaka mlangoni pa zahanati, na nilikuwa naiomba inyamaze.